Karatasi ya Ruhusa: Kumbukumbu ya Safari za Wazee Wetu



Katika maadhimisho haya wengine wataeleza historia ya jengo letu na wafadhili wake. Mimi naomba kukumbusha historia ya karatasi.

Wengi wa wazee wetu wa Gujarat walivuka bahari kwa majahazi, kwa upepo wa kaskazi, bila kuulizwa viza. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao watu wa Punjab, kwa mikataba ya miaka mitatu. Hadi reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, takriban 2,500 walikuwa wamefariki.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi ambao sheria haikuwafanya raia papo hapo walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Baba yangu aliomba. Baba mdogo alisita, akabaki na pasipoti ya Uingereza. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1967 ikamtaka awe na kibali ndipo afanye kazi katika duka lilelile alilolifagia tangu utotoni. Aliomba, akanyimwa. Akageukia Uingereza, nayo, kuanzia tarehe 1 Machi 1968, ikawazuia watu wa hali yake, ikabakiza nafasi 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwenye pasipoti akawa mwombaji mlangoni pa nchi iliyompa pasipoti hiyo.

Alingoja miaka miwili. Jiko la hekalu lilimlisha, na mwenye nyumba wake, Mwislamu wa mtaa wetu, hakumdai kodi hata mwezi mmoja. Baba yangu ndiye aliyemwambia, "Ulijitakia mwenyewe." Nilikuwa mtoto, nikasikia. Baba mdogo aliondoka bila wawili hao kuagana, na baba alilijutia neno hilo hadi kufa kwake.

Leo vijana wa mtaa huu, wa kwetu na wa majirani, wanangoja viza za kazi za Ghuba na Kanada. Wakifika langoni petu, tusiwaulize kwa nini wanaondoka. Tuwape chai, tukae nao, tuwasaidie kuusoma mkataba neno kwa neno kabla hawajatia saini. Kungoja kwenyewe ni mzigo wa kutosha.