Mita Ngapi Kutoka Mguu wa Mnara?

Mhandisi anayechora njia ya bomba kando ya laini ya umeme wa msongo mkubwa huulizwa na wenye mradi: bomba likae mita ngapi kutoka kwenye mnara? Hujibu kwa namba, namba ikaingia kwenye mchoro, na tathmini ya hatari ya cheche za umeme kuruka udongoni kutoka mnara hadi bomba ikahesabiwa imekwisha. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo, hata ikokotolewe bila kosa, mara nyingi hupimwa kutoka mahali pasipo pake.

Fomula inayotumika sana ni ya Erling Sunde wa maabara za simu za Bell, Marekani, iliyomo katika kitabu chake cha 1949. Sunde alikuwa akihangaika na radi na nyaya za simu, wala si mabomba. Kwa mujibu wake, umbali ambao tao la umeme huweza kuruka ndani ya udongo ni kipeuo cha pili cha zao la mkondo (kiloampea) na ukinzani wa udongo (omu-mita), mara 0.08 ukinzani usipozidi 100, au mara 0.047 ukifika 1,000 na kuendelea. Katikati ya hapo fomula iko kimya, na mkokotoaji huachwa akadirie.

Chukua ushoroba wa Mombasa–Nairobi, ambako bomba la mafuta limefanya kazi tangu 1978, na ujaalie mkondo wa kiloampea 10. Udongo mweusi wa Athi uliolowa tuukadirie omu-mita 50: tao litafika mita 1.8. Miamba ya lava ya upande wa Chyulu tuikadirie 2,000: mita 6.6. Na udongo uleule mweusi, ukiukuta Septemba umepasuka nyufa za kuingia mkono, hautakupa jibu ulilopewa Aprili. Njia ya pini nne ya kupima ukinzani wa udongo, aliyoieleza Wenner mwaka 1915, ni rahisi mno. Tatizo ni kwamba wapimaji wengi huridhika na siku moja ya kwenda, na siku hiyo ikiangukia masika wanapima ardhi iliyoshiba maji.

Lakini kosa kubwa liko kwenye utepe. Penye mwamba au mchanga mkavu, mafundi huboresha athi ya mnara, yaani njia yake ya kupeleka umeme ardhini, kwa kuzika waya unaotoka miguuni na kwenda makumi ya mita. Simama mguuni pa mnara kama huo, vuta utepe mpaka kwenye bomba: mita 25, kila mtu ameridhika. Chini ya viatu vyako, kina cha nusu mita hivi, waya umetambaa kuelekea kulekule na kuishia mita 2 tu kabla ya bomba. Pale ambapo tao huruka mbali zaidi ndipo pia waya huzikwa mrefu zaidi. Hatari inasogea kutoka pande zote mbili, na mchoro hauoneshi hata moja.

Nitaambiwa kwamba waya wa athi wa juu hugawa mkondo kwa minara jirani, na kwamba radi hupita kwa mikrosekunde. Kweli yote. Ila radi ikishafungua njia udongoni, mkondo wa laini waweza kuifuata njia hiyohiyo mpaka swichi ikate, na sehemu ya kumi ya sekunde ni muda mrefu kwa chuma. Hapo ganda la bomba halisaidii sana. Lami ya zamani ilivujisha umeme kidogokidogo kila mahali; polithini ya sasa huzuia vizuri mno, hata joto lote likakusanyika kwenye tundu moja la ukubwa wa punje ya mtama.

Ndiyo maana mchoro wa kwanza ninaouomba ni wa athi ya minara, kabla ya ule wa njia ya bomba. Kuuelekeza waya upande wa pili wa mnara hakugharimu chochote, mradi fundi hajaufukia mtaro.