Tatuu Mpya: Uponaji Wake na Tahadhari kwa Wakazi wa Kando ya Ziwa

Tatuu ni jeraha. Sindano hupenyeza wino hadi tabaka la ndani la ngozi. Ndiyo maana mchoro haufutiki, na ndiyo maana sehemu iliyochorwa huvimba, hupata joto na kutoa majimaji siku chache za mwanzo. Katika wiki ya pili huwasha na kubanduka, lakini isikunwe. Kwa kawaida ngozi ya juu hufunga ndani ya wiki 2 hadi 4.

Ioshwe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato. Kwa wakazi wa Mwanza, hususan wavuvi, lililo gumu zaidi ni kutoingia ziwani kabla jeraha halijafunga, kwa kuwa bakteria wa majini hupata njia hapo (kichocho hupenya hata ngozi nzima). Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya mteja: ya kuchangia huweza kuambukiza homa ya ini na Virusi vya UKIMWI. Uvimbe unaoenea, usaha au homa vifikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kijana anayetarajia kujiunga na Jeshi la Polisi atafakari mapema. Matangazo yake ya ajira yamekuwa yakimtaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini.