Darubini ya bunduki: kioo kilitangulia, kishikio kikachelewa

Wanaosimulia historia ya darubini ya bunduki huanza na kioo: nani alikisaga, kinakuza mara ngapi. Nadhani hapo si mahali pa kuanzia. Kufikia 1855 William Malcolm wa Syracuse, New York, alikuwa ameshaanza kutengeneza darubini ambazo baadaye zilitumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kwa karibu karne nzima iliyofuata, tabu kubwa haikuwa kuona bali kuifunga darubini isicheze. Hesabu yake ni fupi. Vishikio viwili vinavyoifunga kwenye bunduki vikiachana kwa milimita 130, kisha kimoja kikasogea sehemu moja tu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi, risasi itakwenda kando karibu sentimita 8 kwenye shabaha ya mita 100, na zaidi ya sentimita 30 kwenye mita 400.

Vita Kuu ya Kwanza ilitoa ushahidi wa kutosha. Hesketh-Prichard, aliyeanzisha mafunzo ya udunguaji katika jeshi la Uingereza kule Ufaransa, alikuta darubini nyingi zimepotoka na wenye bunduki hawana habari. Waingereza walizifunga ubavuni, upande wa kushoto, ili juu pabaki wazi kwa kupakia risasi. Uzito ukaning'inia upande mmoja. Wakanada nao walikuwa na darubini ya Warner & Swasey, iliyolegea kwenye kishikio chake hata Herbert McBride, Mmarekani aliyepigana katika jeshi lao, akaeleza jinsi walivyoikaza kwa vipande vya wembe. Somo lilieleweka polepole. Bunduki ya Uingereza ya No. 4 (T), iliyotoka 1942, ilikuwa na vikalio vya kishikio vilivyofungwa kwa skurubu na kulehemiwa kwenye bunduki yenyewe, na namba ya darubini ikagongwa kwenye kitako ili isihamishiwe bunduki nyingine.

Atatokea wa kusema: si mkaze skurubu tu? Skurubu huleta msuguano, na msuguano una kikomo. Ukipita kiasi unalibonyeza bomba la darubini, na hasara ni kubwa kuliko ya kulegea. Hoja nzito zaidi inatoka kwa darubini za Winchester A5 na Unertl, ambazo zilitengenezwa ziteleze kwa makusudi. Bunduki inapopiga teke kurudi nyuma, darubini hutaka kubaki ilipokuwa, kwa hiyo huonekana kukimbilia mbele. Mpigaji aliivuta kwa mkono mpaka mahali pake kabla ya risasi inayofuata. Hilo haliivunji hoja yangu. Mtelezo huo ulikuwa na njia yake na kituo chake. Kinachoharibu shabaha ni mtelezo usiojulikana umeishia wapi.

Dawa iliyodumu, basi, ni kizuizi pamoja na mkazo. Bill Weaver aliyetengeneza darubini zake El Paso, Texas, aliacha nyuma reli ya kufungia darubini yenye mifuo ya kukingama, na jeshi la Marekani likasanifisha reli ya jinsi hiyo mwaka 1995: mifuo ya upana wa milimita 5.23, katikati hadi katikati milimita 10.01. Jino la kishikio huingia kwenye mfuo, na fundi hukisukuma kishikio mbele mpaka jino liguse ukuta, ndipo akaze skurubu.