Nyungu ya Mawe na Warithi Wake

Nyungu ya Mawe (alifariki Desemba 1884) alikuwa mtemi na jemadari aliyeiteka nchi ya Wakimbu katika miaka ya 1870 na kuiacha mikononi mwa binti yake, Mgalula. Dola yake ilitanda kusini na mashariki ya Tabora. Upande wake wa mashariki leo umo katika Mkoa wa Singida, kwenye misitu na vichaka vya Itigi na Rungwa.

Hakuwa Mkimbu. Alitoka katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, na safari yake ilianza na ugomvi wa nyumbani. Mtemi Mnywa Sele alipotaka bidhaa za wafanyabiashara Waarabu wa Tabora zitozwe ushuru, walimpinga kwa bunduki, wakamng'oa na kumsimika Mkasiwa. Mpelelezi John Hanning Speke alikutana na Mnywa Sele mwaka 1861, akiwa tayari anapigana porini kama mkimbizi katika nchi yake mwenyewe. Mnywa Sele alikamatwa na kuuawa mwaka 1865. Nyungu alikuwa upande wa walioshindwa, na baada ya hapo akauacha Unyanyembe kutafuta mahali pengine pa kutawala.

Alipata Ukimbu, na hakukosea kuchagua. Ilikuwa nchi pana yenye watu wachache: wawindaji, warina asali na wakulima waliohamahama, waliogawanyika katika himaya ndogo zaidi ya 30. Mtemi wa Kikimbu alikuwa zaidi mlinzi wa matambiko kuliko kiongozi wa vita. Lakini tembo walikuwa wengi, na njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora ilikatiza Mgunda Mkali, pori kavu baina ya Ugogo na Unyamwezi ambalo wapagazi walilipita kwa hofu ya kiu na ya kuvamiwa.

Jeshi lake lilikuwa la rugaruga, vijana waliokwisha kukatwa na koo zao: mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara. Nyungu, aliyekuwa na jicho moja, aliwaita mapimpiti, yaani magogo, na inasimuliwa kwamba vitani aliamuru magogo mengine yarundikwe juu ya yaliyoanguka. Ukatili wake haufichiki katika simulizi za Wakimbu wenyewe, na hakuna sababu ya kuupamba.

Ila sifa yake kubwa haikuwa vita. Mirambo wa Urambo, aliyeishi zama zile zile na kuvuma zaidi, aliwaacha watemi aliowashinda waendelee kutawala mradi wamtii. Nyungu alifanya jambo jingine. Aliwaachia watemi wa Kikimbu matambiko yao, kisha juu yao akaweka maofisa wake, watwale, kila mmoja na jimbo lake lililokusanya himaya kadhaa. Watwale waliwajibika kwake, si kwa wenyeji. Pembe zote za ndovu zilipelekwa Kiwele, makao yake makuu, naye ndiye aliyezigeuza kuwa bunduki, baruti na nguo.

Mirambo na Nyungu walikufa mwezi mmoja, Desemba 1884. Hapo ndipo tofauti ya kazi zao ilipoonekana. Dola ya Mirambo ilianza kumeguka mapema chini ya mrithi wake Mpandoshalo, kwani wengi walikuwa wamemtii mtu, na mtu huyo hayupo. Mgalula alirithi watwale walio kazini, majimbo yenye mipaka na biashara ya pembe iliyojua njia ya Kiwele. Akaitawala nchi hiyo kwa karibu miaka kumi.

Ni miaka iliyokuwa migumu. Wajerumani walipandisha bendera yao Tabora mwaka 1890. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga hadi Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa naye akajilipua kwa baruti. Ukimbu haukuingia katika vita ya namna hiyo. Baada ya Mgalula, mnamo 1893, alishika Msavila, na mwaka 1895 Wajerumani wakaivunja dola, wakaondoa utawala wa Kiwele na kuwarudishia watemi wa Kikimbu himaya zao ndogo.

Mengi yanayofahamika leo kuhusu ukoo huu yalikusanywa katika miaka ya 1960 na Aylward Shorter, padre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyechapisha historia ya utemi wa Wakimbu mwaka 1972. Utemi wenyewe ulikuwa umefutwa kisheria nchini mwaka 1963. Pori la Mgunda Mkali sasa linapitiwa na Reli ya Kati kupitia Manyoni na Itigi, na kusini yake ipo Hifadhi ya Rungwa, ambako tembo bado wapo.

Vitabu vingi humtaja Mgalula kwa sentensi moja mwishoni mwa habari za baba yake. Kwa mtawala aliyeishikilia dola karibu mwongo mzima, wakati majirani zake walikuwa wakianguka, anastahili makala yake mwenyewe.