Kutwa Mara Mbili: Lugha ya Dozi na Kidonge cha Sita

Katika semina nyingi za afya nchini Tanzania, mgonjwa asiyemaliza dozi huelezwa kwa namna mbili tu: ama hana elimu, ama ni mkaidi. Maelezo hayo yamezoeleka kiasi kwamba hayadaiwi tena ushahidi. Makala haya yanayapinga. Nadai kwamba sehemu ya kile tunachokiita ukaidi ni utii mtupu: mgonjwa amefuata maneno aliyopewa, na maneno ndiyo yaliyokosea.

Kuhusu dawa yenyewe hakuna ubishi mkubwa. Mseto wa artemetha na lumefantrini, yaani ALu, uliteuliwa mwaka 2006 kuchukua nafasi ya SP (sulfadoksini na pirimethamini) katika tiba ya malaria isiyo kali, miaka mitano baada ya SP kuiondoa klorokwini. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Idadi hufuata uzito: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kimoja kwa mara moja, mwenye kilo 35 na zaidi humeza vinne. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha dawa umeipa alama P01BF01, chini ya dawa za vimelea. Alama hiyo inafaa bohari na watunza takwimu, wala haimwambii mtu ameze lini. Tangu 2009 kuna kidonge cha watoto kinachoyeyuka majini, kilichowapunguzia akina mama kazi ya kusaga kidonge kichungu kijikoni. Uainishaji umeshughulikiwa na utengenezaji umeshughulikiwa. Sentensi inayosemwa kwenye dirisha la dawa ndiyo iliyoachwa ilivyo.

Nieleze tukio lililonifikisha kwenye hoja hii. Jirani yangu, bibi anayelea mjukuu wa kilo kama 12, alimpeleka mtoto kupimwa siku ya Jumatatu. Mtoto alikutwa na malaria, akameza kidonge cha kwanza palepale, yapata saa kumi jioni. Vitano vilivyobaki vilikatwa kutoka kwenye pakti kubwa, vikatiwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu: 1 x 2, siku 3. Mtoa dawa akamsomea: “Bibi, atameza kimoja, kutwa mara mbili, kwa siku tatu.” Bibi akajibu, “Sawa, mwanangu.”

Alhamisi asubuhi nilipokwenda kumjulia hali mtoto, alifungua fundo la pindo la kanga akanionyesha kidonge kimoja. “Siku tatu zimekwisha,” aliniambia. “Hiki nimemwekea akiba.”

Tuhesabu naye. ALu ina dozi sita. Ya pili humezwa masaa manane baada ya ya kwanza, ya tatu masaa 24 baada ya ya kwanza, kisha moja kila baada ya masaa 12 mpaka saa ya 60. Kwa mtoto aliyeanza saa kumi jioni, kidonge cha pili kilikuwa cha saa sita usiku. Bibi hakukitoa, kwa kuwa hakuambiwa usiku. Jumanne alitoa asubuhi na jioni, Jumatano asubuhi na jioni. Ukijumlisha na kile cha Jumatatu ni vitano. Hakuna agizo alilolivunja. Kutwa mara mbili ametimiza. Siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, ametimiza. Kwenye fomu ya ufuatiliaji angeandikwa kuwa hakumaliza dozi.

Neno lenyewe litutoe shaka. Kutwa, kwa lahaja nyingine kuchwa, ni tendo la jua kuzama. Mwenzake ni kucha. Ndiyo maana tunasema mchana kutwa na usiku kucha, na hakuna mzungumzaji anayebadilisha nafasi za maneno hayo. Shule ya kutwa ni ile ambayo mwanafunzi halali huko. Anayelala yuko bweni. Kwa hiyo neno tulilolichagua kusimamia masaa 24 ni lilelile ambalo lugha imelitenga lisiuguse usiku. Kifupisho cha Kilatini kinachoandikwa kwenye cheti, b.d., kina maana ya mara mbili kwa siku. Kiswahili kina neno siku. Kuliacha na kushika kutwa ni kosa la tafsiri lililogeuka kuwa kosa la tiba.

Nitaambiwa kwamba kutwa ya bahasha sasa ni istilahi, na kila mtu anajua maana yake. Anayejua ni aliyefundishwa. Istilahi ambayo mtumiaji wake mkuu hakuhudhuria somo lake haiwezi kumlaumu kwa kutoielewa. Nitaambiwa pia kuwa baadhi ya pakti zina picha za jua na mwezi. Ni kweli, na picha hizo zinaniunga mkono: mwezi umechorwa kwa sababu usiku ulihitajika. Lakini vidonge vikishakatwa na kutiwa bahashani, picha hubaki kabatini kwa muuzaji. Wengine husema hakuna atakayeamka usiku wa manane kumpa mtoto dawa. Nilimuuliza bibi. Akaniangalia kwa mshangao: “Mtoto ana homa, mwanangu. Ulidhani nimelala?”

Wapo wanaopendekeza tuache kutwa na kuandika “kila saa 8”, hasa kwa dawa za kumeza mara tatu. Hapa hatari inaongezeka. Saa nane kwa Mswahili ni wakati maalumu baada ya adhuhuri, na hurudi tena usiku. Mtu akisikia “kila saa nane” anaweza kabisa kumeza saa nane mchana na saa nane usiku, mara mbili badala ya tatu, akaamini ametii. Walimu wa sarufi hutukataza kusema masaa, kwa hoja kwamba saa haibadiliki katika wingi. Mimi nalitumia makusudi, na nitaendelea: watu wa kawaida wamekwisha kutenganisha saa ya kutajwa na masaa ya kuhesabiwa, na katika dawa tofauti hiyo ina thamani kuliko usafi wa ngeli.

Kuna na “baada ya kula”. Lumefantrini hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na kikombe cha maziwa chaweza kusaidia. Lakini maziwa hunywewa, chai hunywewa, uji hunywewa. Kula ni wali au ugali. Mgonjwa aliyekunywa maziwa, mdomo mchungu kwa homa, atasema kwa unyofu kuwa hajala, naye ataahirisha dozi. Ingetosha kumwambia: mpe pamoja na maziwa, au uji wa karanga.

Sidai kwamba usugu wa vimelea dhidi ya artemisinini, uliokwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na hapa Tanzania, umeletwa na neno moja. Nadai kwamba hatuna haki ya kuhesabu ukaidi kabla ya kuhesabu tulichosema. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ingeweza kudai kila maelezo ya Kiswahili yajaribiwe kwa wazazi na walezi kabla ya kuidhinishwa, kwa swali moja: utampa kinachofuata lini? Na maneno ya kujibia tunayo. Dawa ya mara tatu: alfajiri saa kumi na moja, mchana saa saba, usiku saa tatu, kila nafasi ni masaa manane kamili, na kwetu karibu na ikweta alfajiri haihamihami sana mwaka mzima. Kwa ALu, bahasha ya yule mtoto ilihitaji mstari mmoja tu: cha pili leo usiku saa sita, cha tatu kesho jioni saa kumi, kisha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni mpaka vyote sita viishe.