Mlima Hauna Jina? Uliza Daftari la Zaka

Kuna bonde moja huko Wales, ndani ya milima ya Eryri, ambalo wapanda milima kutoka Uingereza wamezoea kuliita "Bonde Lisilo na Jina". Wameambiana hivyo miaka na mikaka, mpaka likaonekana kama jina lenyewe. Shida ni moja tu: hilo bonde lina jina. Linaitwa Cwm Cneifion. Cwm ni bonde, na cneifion ni manyoya ya kondoo yaliyonyolewa. Wachunga kondoo walishalibatiza kitambo. Ni vile hakuna mgeni aliyewauliza.

Tulia hapo kidogo. Mara nyingi mtu akisema "hapa hapana jina" anamaanisha "mimi sijui jina la hapa." Hizo ni sentensi mbili tofauti kabisa, na wenye kalamu wamezichanganya kwa karne nyingi.

Tuanze na hao wenye kalamu. Mwaka wa 1791 serikali ya Uingereza ilianzisha Ordnance Survey, idara ya kuchora ramani. Ilikuwa kazi ya jeshi, si utalii. Waliogopa Wafaransa wangevamia, kwa hivyo walitaka kujua kila barabara na kila kilima. Walipofika Wales wakakuta watu wanaongea Kiwelshi, lugha ambayo wengi wao hawakuielewa. Wakaandika walichosikia ama walichoambiwa na wakubwa. Chukua mlima wa Pumlumon, mita 752. Pum kwa Kiwelshi ni tano. Waingereza wakauandika Plynlimon, na hiyo tano ikapotea njiani. Sasa jina halisemi kitu kwa yeyote.

Halafu kuna swali la nani aliaminiwa. Idara ilikuwa na vitabu vya majina: kila jina linaandikwa, na kando yake watu waliothibitisha tahajia. Maagizo ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalitaka waulizwe wenye mashamba makubwa, makasisi na wasomi. Mkulima mdogo hakufaa kutegemewa, hata kwa jina la mahali anapoishi mwenyewe! Buda, unalima pale, babu yako alilima pale, lakini jina la pale linaulizwa kwa tajiri. Na hata vitabu vyenyewe, vingi vya Uingereza na Wales viliungua mwaka wa 1940 Southampton ilipopigwa mabomu.

Kwa hivyo leo mtu akitaka jina halisi la kilima, anaanzia wapi? Hapa ndipo stori inakuwa tamu. Anaanzia kwenye karatasi za kodi.

Mwaka wa 1836 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kubadilisha zaka. Kabla ya hapo mkulima alitoa sehemu ya mavuno na mifugo kwa kanisa. Sasa ikawa pesa taslimu. Ili kujua nani alipe ngapi, ilibidi kila parokia ichorwe ramani, kila kipande kipewe namba, na daftari liandikwe: mwenye ardhi, anayeitumia, jina la kipande, matumizi yake, ukubwa wake. Wales nyingi ikapimwa namna hiyo. Na Wawelshi wengi walichukia hiyo zaka, kwa sababu hawakuwa hata waumini wa hilo kanisa. Walikuwa na makanisa yao madogo. Miaka ya 1880 kulikuwa na vurugu mashambani kwa ajili yake.

Ona sasa kinaya: daftari walilolichukia ndilo limewahifadhia majina. Karani hakuwa anajali utamaduni. Alitaka tu kujua ni shamba gani. Lakini ili kulitaja, ilibidi aandike vile mkulima analiita.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Tuseme kilima fulani hakina jina kwenye ramani ya leo. Unafungua ramani ya zaka, unatafuta kipande kinachopanda mpaka kileleni, unasoma namba, unaenda kwenye daftari. Tuseme umekuta Ffridd y Foel. Ffridd ni malisho ya mlimani. Foel ni neno moel, kilima kipara, ila herufi ya kwanza imegeuka kwa kanuni ya Kiwelshi. Kwa hivyo malisho yameitwa kwa kilima, na huenda kilima ni Y Foel. Nimesema huenda! Jina la shamba linaweza kupanda juu likakaa kileleni kimakosa, ama la kilele likashuka chini. Kwa hivyo unatafuta ushahidi wa pili: ramani za inchi sita za karne ya 19, hati za kugawa ardhi ya jamii, ramani za mashamba ya matajiri. Halafu unafanya kile jeshi halikufanya vizuri: unamuuliza anayechunga kondoo pale.

Na usidhani utapata jibu moja safi kila mara. Cadair Idris, mita 893, wenyeji wengi hutamka Cader. Ramani za zamani ziliandika Cader, kitabu cha sarufi kinataka Cadair. Halisi ni ipi, ya mdomo wa jirani ama ya mwalimu? Na "Snowdon" si jina la juzi la mkoloni. Liko kwenye kumbukumbu za Kiingereza za mwaka wa 1095. Hata hivyo wenyeji huuita mlima huo Yr Wyddfa, na Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi iliamua kutumia Yr Wyddfa na Eryri. Kuna pia Carnedd Gwenllian, jina lililotolewa 2009 kumkumbuka binti wa mwana wa mfalme aliyefungiwa kwenye nyumba ya watawa Uingereza mpaka akafa mwaka wa 1337. Jina jipya, na hakuna aliyelificha. Kwangu mimi hiyo ni sawa, bora iandikwe lilitoka wapi na lini.

Mbona nawasumbua na milima ya watu? Kwa sababu mnaijua hii stori. Watoto wa Wales karne ya 19 walivishwa kibao shingoni wakiongea Kiwelshi shuleni. Kuna mzazi wako aliyevishwa chake hapa Kenya, kwa kosa hilo hilo. Mwaka wa 1849 Krapf alisimama Ukambani, akauona mlima, akaandika alichosikia, na leo hicho alichosikia ndicho jina la nchi yetu. Wakikuyu wanauita Kĩrĩnyaga mpaka kesho.

Tofauti ni kwamba Wales wameamua kutafuta. Sheria ya 2016 ililazimisha kuwe na orodha rasmi ya majina ya kihistoria, na sasa ina zaidi ya majina 300,000. Ramani za zaka ziko mtandaoni bure, zimewekwa na Maktaba ya Taifa kule Aberystwyth. Hata mimi niliyeacha chuo nazisoma kwa simu, hakuna anayeniuliza digrii.

Sisi madaftari yetu mengi bado ni watu. Cucu wako anajua kile kilima nyuma ya shamba kinaitwaje, na kwa nini. Ukienda ushago Desemba, muulize. Andika jina, nani amekwambia, na tarehe. Usingoje karani, kwa sababu huyu wetu hakupita huko.