Ghala la Data: Historia ya Neno na ya Uamuzi wa Kununua au Kuunda

Miongoni mwa istilahi ambazo mfasiri wa hati za zabuni hukutana nazo siku hizi ni "ghala la data". Neno lenyewe laonekana jepesi, na yamkini ndiyo sababu limepokelewa bila ubishi. Hata hivyo, nyuma yake iko historia ya uamuzi ambao makampuni na serikali zimekuwa zikiutafakari kwa zaidi ya miaka sabini: je, chombo cha kutunzia na kuchambulia habari za kazi kinunuliwe kikiwa tayari, au kiundwe na wenye kazi wenyewe? Katika makala haya tutaifuata historia hiyo ili tupate kuzipima istilahi tulizo nazo, kwani mkataba ukiandikwa kwa maneno yasiyopimwa, mwenye kulipa gharama huwa ni mnunuzi.

Swali hili ni kongwe kuliko ghala la data lenyewe. Mwaka 1947 kampuni ya J. Lyons ya London, iliyokuwa ikiuza chai, keki na mikate katika mikahawa yake mingi, iliwatuma maofisa wake wawili, T. R. Thompson na Oliver Standingford, kwenda Marekani kutazama mbinu mpya za kazi za ofisi. Huko walipata habari za mashine za kukokotoa kwa umeme, na wakaambiwa ya kwamba mashine ya aina hiyo ilikuwa ikiundwa kwao Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, chini ya Maurice Wilkes. Lyons ilichangia paundi 3,000 katika kazi hiyo. Mashine ya Cambridge ilipofanya hesabu zake za kwanza mwezi Mei 1949, kampuni ikaendelea na kuunda ya kwake, ikaiita LEO. Mwishoni mwa Novemba 1951 LEO ilianza kazi ya kila wiki ya kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate. Lyons hawakuunda kwa kupenda ufundi. Waliunda kwa kuwa hawakuona muuzaji wa kuwauzia chombo walichokitaka kwa kazi zao za ofisi. Mwaka 1954 wakaanzisha kampuni ya kuwaundia wengine, na mwaka 1963 kampuni hiyo ikaunganishwa na English Electric.

Huku kwetu swali lilikuja kwa sura nyingine kabisa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo haikulegezwa ila baada ya miaka mingi. Labda hilo ni moja ya mambo yaliyochelewesha istilahi zetu za fani hii: watu hawakiundii jina chombo wasichokuwa nacho mezani.

Ghala lenyewe lilizaliwa kwa hatua. Mwaka 1970 E. F. Codd, mtaalamu wa IBM, alieleza namna ya kuzipanga data katika majedwali yenye kuhusiana. Mwaka 1979 ilianzishwa huko California kampuni ya Teradata, iliyokusudia kuuza mashine za kuchambulia data nyingi kwa pamoja, na mwaka 1983 mashine yake ilifikishwa katika benki ya Wells Fargo. Hivyo chombo cha kununua kilikuwako kabla ya jina. Jina liliingia katika maandishi ya fani mwaka 1988, pale Barry Devlin na Paul Murphy wa IBM walipochapisha makala juu ya ghala la data za biashara. Mwaka 1992 William Inmon akatoa kitabu chenye maelezo ambayo hadi leo hunukuliwa katika hati za zabuni: kwamba data za ghala hupangwa kwa mada, huunganishwa, hufuata wakati, na hazigeuzwi.

Mfasiri asiyapite maelezo hayo manne kwa haraka. Sifa ya nne hasa imeletwa katika lugha ya kompyuta kutoka katika elimu ya kemia, ambako huhusu kitu kisichogeuka mvuke upesi, na anayeifasiri kwa kamusi peke yake atamwandikia katibu mkuu wa wizara sentensi isiyo na maana. Kinachokusudiwa ni kwamba data ikishaingia haifutwi wala kuandikwa juu yake. Habari mpya huongezwa kando yake pamoja na tarehe yake. Hapa ndipo sitiari ya ghala inapochechemea. Mkulima anayepeleka korosho ghalani chini ya mfumo wa stakabadhi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, anatarajia korosho zitoke na kuuzwa. Bohari nayo ipo ili vifaa vitolewe kwa hati. Katika ghala la data hapana kinachotoka: wachambuzi huja, husoma, na data hubaki palepale. Kwa tabia zake chombo hiki chafanana zaidi na masjala ya serikali, ambamo jalada hukua kwa folio mpya bila ya ile ya zamani kung'olewa. Sisemi tuliache neno ghala, maana limekwisha kuzoeleka, bali mwalimu anayelifundisha ataeleweka upesi zaidi akianza na masjala.

Je, masjala hununuliwa? Kabati hununuliwa. Mpango wa kufungua majalada haununuliki, na hilo ndilo fundisho ambalo wanunuzi wa miaka ya 1990 walijifunza kwa gharama. Inmon alitaka lijengwe kwanza ghala moja kuu la shirika zima, ndipo idara zichote humo. Ralph Kimball, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alipendelea kuanza na kazi ya idara moja moja, mradi idara zote zitumie vipimo vilivyoafikiwa. Ubishi wao ulikuwa mkali, lakini wote wawili walidai jambo moja: maneno yawe na maana moja. Ikiwa idara ya mauzo humwita mteja yeyote aliyewahi kununua, na idara ya hesabu humwita mteja mwenye deni tu, basi hakuna mashine ya bei yoyote itakayotoa jumla sahihi ya wateja. Kazi ya kuwakalisha watu pamoja hadi waafikiane juu ya neno "mteja" ni kazi ya istilahi, nayo msomaji wa jarida hili anaijua ugumu wake.

Kwa hiyo napendekeza hati zetu zitofautishe vitenzi. "Kujenga" huwaelekeza wengi kwenye majengo; nyumba hujengwa, jahazi huundwa, na chombo hiki kiko upande wa jahazi. "Kununua" kubaki kwa mashine na programu, na "kuafikiana" kuwe na kifungu chake na bajeti yake. Tangu Amazon ilipotangaza huduma yake ya Redshift mwaka 2012 limeongezeka la tatu, "kukodi", ambapo data hukaa katika mashine za mwingine, pengine ng'ambo. Baadhi ya wafasiri huandika hapo "kununua huduma", na hilo huficha jambo zito: mpangaji huweza kuhamishwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 juu ya ulinzi wa taarifa binafsi zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Mkataba unaosema "kukodi" humlazimu mwandishi wake aeleze data zitakaa wapi, zitarejeshwa kwa umbo gani, na kwa muda gani baada ya ukodishaji kwisha.